Tamthilia za Kiingereza za enzi za kale na watazamaji wa Eastlands

Tamthilia za enzi ni zile ambazo hadithi yake imewekwa katika zama zilizopita, na wahusika huvaa, husema na hukaa kama watu wa zama hizo. Waingereza wameifanya kazi hii kuwa kama biashara ya taifa. BBC ilitoa Pride and Prejudice yenye vipindi sita mwaka 1995, kutokana na riwaya ya Jane Austen ya 1813. ITV ikafuata na Downton Abbey kuanzia 2010 hadi 2015. Call the Midwife ilianza 2012, The Crown ikaenda 2016 hadi 2023, na Bridgerton ikaingia Krismasi ya 2020, ingawa hiyo ya mwisho waliyoitengeneza ni Wamarekani, London ni mandhari tu.

Mtu wa Pwani atauliza: zinafikaje Eastlands? Wazee wa Jericho, Maringo na Makadara walianza na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, na cha Kiingereza walichokipenda zaidi kilikuwa kichekesho, Mind Your Language, si majumba ya makabaila. KTN ilipoanza 1990 uchaguzi ukapanuka. Baadaye yakaja maduka ya sinema ya mtaani, unakwenda na flashi yako unajaziwa msimu mzima. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, na mwaka 2021 ikaweka huduma ya bure kwa simu za Android, huduma iliyofungwa 2023. Wengi walionja hapo. Mabanda ya video, kwa upande wake, yamebaki na sinema za mapigano anazosimulia DJ Afro. Watu wakinywa chai saa nzima hakuna cha kumsimulia mtu.

Lakini ni hiyo chai yenyewe ndiyo utamu, na hapa sisi wa Pwani tuko nyumbani kuliko tunavyodhani. Karibu tamthilia zote hizi zinazunguka jambo moja ambalo Mswahili analijua kwa jina lake: kufu. Nani anamfaa nani, ukoo upi unaoana na upi, kijana ana nini, mama yake ni nani. Bridgerton, ukiivua zile nguo, ni msimu wa posa. Mama Bennet wa Pride and Prejudice, mwenye mabinti watano wa kuozwa, angekaa barazani Mji wa Kale au Majengo ya Pumwani na hakuna ambaye angemshangaa. Pumwani naitaja kwa makusudi. Mtaa huo ulipangwa na Wazungu miaka ya 1920, ukakaliwa na Waislamu wengi wanaosema Kiswahili, na nyumba zake za ukumbi katikati na vyumba huku na huku mtu wa Mombasa huzijua mara moja.

Kuna neno ambalo mtazamaji asipolifahamu hadithi inampita: urithi wa kufungwa. Zamani Uingereza mali ya shamba na jumba iliweza kufungwa kisheria isigawanywe, iende kwa mwanamume wa karibu katika ukoo, hata akiwa binamu wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ndiyo maana mabinti wa Bennet watafukuzwa nyumbani baba akifa, na ndiyo maana Downton Abbey inaanza na habari ya kuzama kwa Titanic mwaka 1912: mrithi amekufa maji, na Lady Mary, mtoto mkubwa, hana haki. Kwa mwenye kujua mirathi ya Kiislamu hili ni ajabu, kwani binti ana fungu lake lililotajwa, nusu ya la kaka yake, na hakuna baba wa kulifuta. Hao waliokuja kutufundisha ustaarabu, basi. Kenya nayo ilipata Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 isiyobagua binti na mvulana, na 1990 Waislamu wakaruhusiwa kubaki na sheria yao.

Eastlands yenyewe imo ndani ya enzi hizo, ila kamera haikugeuzwa huko. Kipindi cha pili cha The Crown kinaonyesha Elizabeth akiwa Kenya Februari 1952, baba yake anapofariki. Picha zile zilipigwa Afrika Kusini. Katika historia, ndege iliyomleta Nairobi ilitua Eastleigh, na meli Gothic ilikuwa ikimngoja bandarini Mombasa impeleke Ceylon na Australia. Safari ikavunjika, akaruka kutoka Nanyuki hadi Entebbe na kwenda London akiwa Malkia. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa, na tarehe 24 Aprili 1954 askari walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba na kuwatia maelfu kizuizini. Hiyo ni tamthilia ya enzi tosha, na walioiona wangalipo.

Vilevile msimu wa pili wa Downton unafunguliwa vitani Ufaransa mwaka 1916. Mwaka huohuo wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakibeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kumkimbiza Mjerumani, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi chao limebaki Kariokor, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa kuiga miji ya bustani ya Uingereza. Jumba la Highclere, lililotumika kama Downton, leo watu hulipa kuingia kulitazama. Mitaa ya baraza la jiji, kinyume chake, imo katika mipango ya kubomolewa. Pangani ya zamani imekwisha kwenda. Angalau maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa, na Mfalme Charles alifika hiyo ya Makadara katika ziara yake ya 2023.

Kwa anayetaka kuanza, mimi ningempa Call the Midwife kwanza. Ni wakunga na watawa wa Poplar, mashariki ya London, karibu na gati za meli, kuanzia 1957: vyumba vidogo, watoto wengi, wanaume wa bandarini. Mama wa Pumwani, ambako hospitali ya uzazi ilianzishwa 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana, ataielewa bila tafsiri. Kisha atafute Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya 1950 kwa Kiswahili chetu. Bridgerton iwekwe mwisho, na wanaokaa chumba kimoja na watoto na wakwe wasiifungue kabla ya wengine kulala.