Matao ya Los Angeles, Mbawa za New York

Mwaka 1961 uwanja wa ndege wa Los Angeles ulizindua jengo lisilo na lango la kupandia ndege wala kaunta ya tiketi. Theme Building lilikuwa mkahawa ulioinuliwa juu ya maegesho ya magari, chini ya matao mawili yanayopishana, kimo chake mita 41 hivi. Wengi huliona kama chombo cha angani kilichotua. Mimi naona buibui mweupe.

Mwaka uliofuata New York ikafungua jengo la abiria la shirika la ndege la TWA, kazi ya msanifu Eero Saarinen. Humo zege jembamba limekunjwa likawa mbawa, na kinachobeba uzito ndicho kinachoonekana. Matao ya Los Angeles hayako hivyo. Chini ni zege. Juu ni fremu ya chuma iliyovikwa lipu, jicho lisione maungio. Mwaka 2007 kipande kikubwa cha lipu kilidondoka, na siri ikawa hadharani.

Wanaoshikilia kwamba jengo lazima lionyeshe mifupa yake huita huo udanganyifu. Aliyezoea nyumba za Lamu au Mji Mkongwe hashtuki. Kule matumbawe hupigwa chokaa, na hakuna anayelalamika kwamba ukuta umesema uongo. Chokaa hulikinga jiwe na mvua, tena weupe wake humtangaza mwenye nyumba. California nayo ilikuwa na desturi yake: migahawa ya kando ya barabara, yenye mapaa ya kurukaruka, ili dereva aliye mbioni apunguze mwendo. Mtindo huo uliitwa Googie, kwa jina la mkahawa uliobuniwa na John Lautner. Jengo ndilo bango.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Mpango wa awali ulikuwa kuba kubwa la kioo la kuyaunganisha majengo ya abiria. Lilipoachwa, pale katikati pakasimamishwa matao. Abiria wa TWA alipita ndani ya ubunifu wa Saarinen akielekea kwenye ndege. Wa Los Angeles aliuzunguka wa kwao kwa gari, akautazama dirishani.

Lakini TWA nalo lilifungwa mwaka 2001, na tangu 2019 ni ukumbi wa hoteli. Watu huketi chini ya zile mbawa wakaagiza vinywaji. Mkahawa wa Los Angeles ulikuwa umeshafungwa tangu 2013.