Tiba Shufaa

Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya maradhi mazito, ya mwili na ya nafsi, na kuishika mkono familia inayomuuguza. Ilichukua sura yake ya leo London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990.

Kiswahili kimeipa huduma hii majina kadhaa. "Tiba nafuu" hutamkika kwa wepesi, lakini sokoni nafuu ni bei ya chini, na asikiaye hudhani ni matibabu ya bei rahisi. "Tiba ya kupunguza maumivu" huiacha familia nje. "Shufaa" hufaa zaidi, maana hubeba wazo la kumsimamia mtu na kumtetea. Hata hivyo, mji wa Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana, pwani ya Kenya, vina Waislamu wengi, na kwao shufaa ni kwanza uombezi wa Mtume Siku ya Kiyama. Wengine huichanganya na shifaa, yaani kupona. Mhudumu anayelitamka neno hilo mbele ya jamaa hana budi kulieleza papo hapo: si ahadi ya kupona, wala si tangazo la kifo.

Kudhani kwamba ni tangazo la kifo ndiko kunakoumiza wengi, kwani huduma hucheleweshwa hadi siku za mwisho. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopata tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya saratani, walikuwa na hali bora ya maisha na sonona kidogo. Tena kipimo cha kati cha uhai wao kilikuwa miezi 11.6, dhidi ya 8.9 kwa wenzao.

Nyumbani, dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya maji. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Kwa kipimo kidogo alichopanga daktari, mofini hutuliza pia kuhema. Mgonjwa anayekosa pumzi hukalishwa akiegemea mito, akapepewa usoni, na moshi wa kuni ukawekwa mbali naye. Hamu ya chakula ikipotea, kumlazimisha uji ni kumwongezea tabu. Vijiko vichache vya akipendacho vyatosha. Mara nyingi kazi hii yote humwangukia mke au binti mmoja. Naye huchoka, naye hulia. Kumpokea zamu usiku ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kutoka Garsen hadi mji wa Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Mto Tana ukifurika barabara hukatika. Kwa hiyo dawa ya akiba ipangwe na daktari kabla ya mvua. Na familia iulizie tiba shufaa siku ile ile saratani inapotajwa.