Bahari Ndani ya Kioo

Sisi watu wa Kamina tunaijua reli kuliko bahari. Toka hapa mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 1,000, na samaki tunayemzoea ni wa maziwa ya Upemba, aliyekaushwa kwa moshi. Basi mtu akisikia kwamba wako watu wanaofuga viumbe vya bahari nyumbani, atauliza: Je, haviwafii?

Mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sisilia, Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyepata kuwa mshonaji wa nguo, alitengeneza vyombo vya kioo apate kumchungua argonauta, mnyama wa jamaa ya pweza. Wataalamu wengi walidhani ya kuwa ameiba ganda lake kwa mwingine. Kumbe hulijenga mwenyewe! Lakini bibi huyo alikaa pwani. Maji mapya hayakuwa mbali.

Taabu ni ya mtu wa mbali. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Kianglikana wa Westminster, alichukua matumbawe hai toka Torquay mpaka London. Aliyashona kwenye sifongo kwa sindano na uzi, yasigongane njiani. Maji ya bahari yalipokuwa haba, yale ya zamani yalimiminwa toka chombo hiki mpaka kingine, mbele ya dirisha wazi, nusu saa na zaidi, na mtumishi wa nyumba alisaidia. Mimi ningemsifu mtumishi huyo kwanza. Maana viumbe vya majini huvuta hewa iliyomo ndani ya maji, na maji yakitulia chomboni hewa hiyo hupungua. Siku hizi pampu ya umeme hufanya kazi ile ya mikono. Baadaye bibi aliongeza mwani, nao ukipata mwanga hutoa oksijeni.

Na chumvi je? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, wala si ya jikoni tu. Mna magnesi, kalsiamu, potasiamu na nyingine. Anayetia chumvi ya sokoni katika maji ya kisima hajapata bahari bado. Philip Henry Gosse, Mwingereza, alitangaza namna ya kuyachanganya maji hayo mwaka 1854, na mwaka uleule kitabu chake kikalieneza jina la akwariamu.

Kitabu kikapendwa mno. Watu wakamiminika pwani za Uingereza na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichoshika mwamba. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwamba vidimbwi vya miambani alivyoviona utotoni, vilivyojaa maua ya bahari, vilikuwa vimekwisha kuharibiwa. Baba yake aliyaona hayo kabla hajafa, akahuzunika sana, kwa kuwa ni yeye aliyewaonyesha njia.