Rada, taa za kumulikana na barabara ya Mbita: kwa nini dereva humwogopa askari kuliko mwendo

Kutoka mji wa Homa Bay hadi Mbita ni kama kilomita 40 za lami. Dereva akishika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, anafika kwa nusu saa. Akikanyaga mpaka 110, anafika kwa dakika 22 hivi. Kinachogombaniwa ni dakika nane tu, na mara nyingi dakika hizo zinakwenda kuishia gatini, watu wakisubiri feri ya kuvuka kwenda Luanda Kotieno upande wa Siaya. Lakini mwulize dereva mwenyewe: atakwambia feri ikishang'oa nanga, utasubiri nyingine mpaka uchoke, na abiria wake wanalijua hilo kabla hata hajawasha injini. Basi anakimbia.

Msomaji wa Pwani anaweza kuuliza Mbita inamhusu nini. Omena wake tunawala, hilo la kwanza. La pili, magari ya kule yameshukia bandari ya Mombasa kama haya yetu, madereva wa kule wanamulikana taa kama wanavyomulikana wa Mtwapa na Kilifi, na sheria ya mwendo ni moja kutoka Lamu hadi Rusinga. Yanayosemwa hapa juu ya barabara ya Mbita, mwenye kusafiri njia ya Malindi atayatambua.

Sheria yenyewe

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 na imerekebishwa mara nyingi. Ndani ya mji au kituo cha biashara, gari lolote halitakiwi kupita kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na malori mazito mwisho wake ni 80 popote pale. Gari dogo la binafsi linaruhusiwa 100 kwenye barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, na 110 pale ambapo pande mbili zimetenganishwa. Barabara ya Homa Bay–Mbita haikutenganishwa. Kwa hiyo hata mwenye gari lake la nyumbani akipita 100 amevunja sheria, na ile Probox iliyojaza watu wa kulipa nauli inafuata 80, kwani kinachotazamwa ni kazi ya gari, si umbo lake.

Faini zimo katika kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500, kuanzia 11 hadi 15 ni 3,000, na kuanzia 16 hadi 20 ni 10,000. Ukizidisha zaidi ya 20, jambo limetoka katika makosa madogo, unakwenda kujieleza kortini. Tazama ngazi ilivyo: anayepita katikati ya mji kwa 58 analipa 500, na anayepita kwa 69 analipa mara ishirini yake.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui. Sheria hairuhusu mtu ahukumiwe kwa kosa la mwendo kwa maoni ya shahidi mmoja tu anayesema kwamba, kwa jinsi alivyoona, gari lilikuwa likienda mbio. Jicho la askari peke yake halitoshi. Ndiyo maana mashine ikawa na thamani kubwa barabarani.

Mashine inavyopima

Bunduki ya rada hurusha mawimbi ya redio, yakagonga gari na kurudi. Gari likiwa linakuja, mawimbi yanarudi yamebanana. Likiwa linakwenda, yanarudi yametanuka. Ni kama king'ora cha ambulansi kinavyosikika cha juu kikija na kushuka kikishapita. Mashine inasoma tofauti hiyo na kuandika namba. Mtambo wa namna hii ulianza kupima magari Marekani, mji wa Glastonbury katika jimbo la Connecticut, mwaka 1947, kutokana na ujuzi wa rada uliopatikana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Askari akisimama pembeni sana mwa njia, namba inayotoka huwa ndogo kuliko mwendo halisi, si kubwa, kwa hiyo malalamiko ya kwamba pembe ya askari ilimwongezea mtu kasi hayana msingi.

Aina ya pili ni leza. Hii hutuma mwanga usioonekana, na mwanga wake ni mwembamba: kwa umbali wa mita 300 unaenea kama mita moja tu. Askari anachagua gari moja katikati ya msururu na kulipima peke yake.

Sasa kifaa cha kunusa rada. Ni kijisanduku kinachowekwa kwenye dashibodi, chenye antena ya kusikiliza masafa yale yale ya polisi, ambayo kwa kawaida ni karibu na gigahezi 10.5, 24 na kati ya 33 na 36. Hakipimi kitu wala hakizuii kitu. Kinasikia tu na kulia. Kilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1960, na biashara yake ikapamba moto baada ya serikali ya huko kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima mwaka 1974, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Watu wengi waliiona sheria ile kuwa ya petroli na si ya usalama, wakaamua kuikwepa. Kikomo hicho kilifutwa mwaka 1995, lakini vijisanduku vilikuwa vimeshazoeleka.

Kwetu, wengi waliokiona kifaa hiki walikikuta ndani ya gari kutoka Japani. Kule kinauzwa wazi, na mwenye gari akiliuza hukiacha humo humo. Gari linapita mnadani, linapanda meli, linashuka Kilindini, linafika Mbita likiwa na kisanduku kinachoongea Kijapani. Mwenyewe hajui kinasema nini. Vingi vya kisasa vinategemea ramani ya kamera za Japani zilizowekwa kwa satelaiti, na ramani hiyo haina habari za Homa Bay wala Mariakani. Na hata kinachonusa mawimbi hakichagui: masafa ya gigahezi 24 yanatumiwa pia na milango ya kujifungua yenyewe na vihisi vya magari mapya. Ukipita mbele ya duka kubwa la Nyali kitapiga kelele, kana kwamba mlango umekuja kukutoza faini.

Mbele ya askari mwenye ujuzi, kinasaidia kidogo. Akiizima rada yake na kuiwasha pale gari linapokaribia tu, kifaa kinalia wakati namba imeshaandikwa. Leza ni vivyo hivyo. Ukisikia mlio, umeshapimwa.

Nchi nazo zimetofautiana. Ujerumani inakataza kukitumia. Ufaransa iliharamisha vifaa vya kuonya mahali palipo na rada mwaka 2012. Marekani kinaruhusiwa kwa magari madogo karibu kila mahali, isipokuwa jimbo la Virginia na mji mkuu Washington. Wenzetu walioko Ghuba wanajua mambo ya huko: rada za kusimama kando ya njia, kikomo cha 120 katika barabara kubwa ya Maskati, na kengele ya gari inayolia ukigusa 120. Abu Dhabi hadi Agosti 2018 dereva alikuwa akisamehewa kilomita 20 juu ya kibao. Msamaha huo ukaondolewa na vibao vikarekebishwa, ili namba iliyoandikwa iwe ndiyo namba.

Kifaa chetu ni taa

Sisi hatuhitaji kisanduku cha Japani. Tuna taa. Gari linalokuja linakumulika mara mbili, dereva anashusha vidole viwili au anaelekeza kidole chini, nawe unajua askari wako mbele. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, na wenye simu nzuri wana programu ya Waze. Ni mtandao wa kunusa rada usiotumia antena.

Tusijidhanie sisi ndio wa kwanza. Chama cha wenye magari cha Uingereza, kile kinachojulikana kama AA, kilianzishwa mwaka 1905, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaonya wanachama juu ya mitego ya polisi. Mahakama ilipoanza kuwabana wanaoonya, wakabuni hila: mlinzi wa chama alimpigia saluti kila mwanachama anayepita, na asipopiga, dereva ajue kuna jambo, asimame aulize. Taa zetu ni saluti hiyo ikigeuzwa.

Wapo wanaotetea taa kwa hoja nzito. Wanasema aliyemulikwa hupunguza mwendo, na kupunguza mwendo ndiko kunakotakiwa, basi aliyemulika amefanya kazi ya serikali bure. Ingekuwa hivyo kama dereva angebaki na mwendo ule mdogo. Habaki. Akishawapita askari anakanyaga kufidia, na pale anapokanyaga ndipo penye shule, au ndipo akina mama wameanika omena kwenye neti kando ya njia na wanavuka kwenda na kurudi na beseni kichwani. Taa inasema askari yuko wapi. Haisemi mtoto yuko wapi.

Hata hivyo si haki kumtwisha dereva lawama zote. Mtu anayepita kituo kidogo kisicho na kibao, akakuta mashine imewekwa baada ya kona, huona 50 kuwa mtego wa kuvunia pesa. Na pale ambapo noti ya mkononi inamaliza maneno, kikomo cha mwendo kinageuka ushuru wa njia: anayelipa anaendelea kukimbia. Dereva wa matatu naye anafanyia kazi hesabu ya tajiri. Jioni lazima pesa za gari zitimie, na kila safari iliyopungua imetoka mfukoni mwake. Kumwambia huyo habari za usalama bila kugusa hesabu ile ni kupoteza mate.

Serikali imejaribu njia nyingine. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zililazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 katika matatu, pamoja na mikanda. Matatu zilitulia kwa muda. Kisha mafundi wakajifunza kukilegeza kidhibiti, na ukaguzi ukawa wa msimu, baada ya ajali kubwa. Siku ya mwisho ya mwaka 2017 watu 36 walikufa Migaa, karibu na Salgaa, na muda mfupi baadaye jambo lililofanyika ni kuwaondoa barabarani maofisa wa mamlaka ya usalama, NTSA, na kuwaachia polisi kazi.

Ukitoka Migori ukavuka mpaka pale Isebania na kuingia Sirari, utaona tofauti. Tanzania mashine hiyo inaitwa tochi, na kupigwa tochi ni maneno ya kila siku. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 za huko. Vijiji vimewekewa kibao cha 50 mwanzoni na kibao cha kumaliza mwishoni, na basi kubwa la abiria hutambaa humo mpaka abiria wanasinzia. Juu ya hayo mabasi ya masafa yana kifaa kinachotuma mwendo wao kwa mamlaka ya LATRA, kwa hiyo hata pasipo askari kuna anayetazama. Madereva wa huko nao wanamulikana taa, si malaika. Ila mahali kikomo kinapoanza na kinapoishia panajulikana, na hilo limewafundisha zaidi kuliko kuviziana.

Mwendo wenyewe hauhitaji askari ili uumize. Dereva mwenye akili timamu huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujagusa breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la 50 linasimama baada ya mita kama 35. La 80 linataka karibu mita 68, na la 100 karibu 97. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu wa miguu anayegongwa na gari la 65 yuko katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa na gari la 50. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka barabarani, na kundi kubwa ni la wanaotembea kwa miguu, wakifuatiwa na wa pikipiki. Hao hawana kisanduku wala hakuna anayewamulika.

Kwa anayesimamishwa, iwe Mbita au Mtwapa: una haki ya kuuliza namba iliyosomwa na kikomo cha mahali pale. Ukiandikiwa hati, ina kosa lako na faini yake, na unaweza kukubali ulipe au uende kortini ujitetee. Pesa isiyo na risiti si faini.