Kichocheo Mbele ya Eksirei

Katika somo la istilahi, mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini wanakemia huita "kichocheo" kitu kisichoungua. Anayechochea moto husukuma kuni, na kuni huisha. Swali hilo lilitupeleka mbali.

Mwaka 1925, huko Mülheim, Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch walipitisha haidrojeni na kaboni monoksidi juu ya vichocheo vya metali, kobalti ikiwamo, wakapata mafuta. Gesi hiyo ilitokana na makaa ya mawe. Afrika Kusini nayo ilianza kuzalisha kwa njia hiyo mwaka 1955 pale Sasolburg, kwa kichocheo cha chuma. Hayakuwa mafuta safi hata kidogo. Usafi hutegemea asili ya gesi. Siku hizi watafiti wanataka haidrojeni itokane na maji kwa umeme wa jua au upepo, na kaboni itokane na hewa ukaa.

Taabu ilikuwa kuona. Kichocheo hufanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa, katika joto la nyuzi 200 na zaidi na shinikizo kubwa. Ukikifungua chombo, kobalti hukutana na hewa ikashika oksijeni. Basi unachokichunguza ni maiti.

Njia ya kuona ndani bila kupasua ina asili yake Afrika, jambo ambalo husahauliwa mno. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Huko alianza kutafuta hesabu za kutambua yaliyomo mwilini kwa eksirei zinazopita kutoka pande nyingi. Makala zake za 1963 na 1964 hazikushughulikiwa na wengi. Godfrey Hounsfield, kwa njia yake mwenyewe, aliunda mashine Uingereza; mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971, na wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Leo, katika vituo kama kile cha Grenoble, Ufaransa, punje ya kichocheo huzungushwa mbele ya eksirei kali huku ikiendelea na kazi. Kompyuta huonyesha wapi kobalti ni metali na wapi imeshika oksijeni. Afrika haina kituo cha aina hiyo, ingawa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Picha hizo zimeonyesha pia kwamba kichocheo huchakaa. Katika maelezo yetu ya darasani tuliandika kuwa "hakibadiliki". Tumelifuta neno hilo.