Sosholojia, Masomo ya

Elimu ya kuchunguza maisha ya jamii, tabaka zake, desturi zake na sababu za mabadiliko yake, ambayo asili yake wengine huifikisha hadi kwa Ibn Khaldun, aliyetunga Mukadima yake mwaka 1377, na ambayo ilipata makao imara katika vyuo vya Ulaya kwa juhudi za watu kama Émile Durkheim, aliyeanza kufundisha Bordeaux mwaka 1887. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada yake ya kwanza huchukua miaka 3, na mwanafunzi hujifunza nadharia, takwimu na, lililo bora kuliko yote, namna ya kuwahoji watu: kubisha hodi, kuketi mkekani, kuuliza swali lisilomtilia mtu jibu mdomoni, kisha kunyamaza na kuandika alichoambiwa, si alichotaraji kuambiwa.

Ufundi huu ndio umfaao baadaye akiwa afisa maendeleo ya jamii katika kata, afisa ustawi asikilizaye shauri la matunzo ya mtoto, mtafiti au mwandishi wa habari. Aghalabu mhitimu huanza kwa vibarua vya utafiti, akipita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi, kabla hajapata ajira ya kudumu.