Mtaro Kabla ya Mvua

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, ukipita barabara za changarawe kati ya Shinyanga, Kahama na Geita, huenda ukakutana na greda likichonga barabara, na mbele kidogo vibarua wakizibua kalavati kwa majembe. Angani hakuna wingu. Mgeni atashangaa kuona watu wanahangaika na mtaro mkavu. Mwenyeji hashangai, maana anajua kwamba vuli ikianza, kwa kawaida Oktoba au Novemba, greda halitakuwa na pa kukanyaga. Kazi ambayo haijafanyika itasubiri kiangazi kingine.

Kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza swali moja kuhusu mitaro hii. Tangu magari yaingie Usukumani, nani amekuwa akiizibua, na nani amekuwa akimlipa? Jibu limebadilika mara kadhaa. Nadhani kila lilipobadilika, lilionyesha jinsi serikali ilivyomtazama mtu anayeishi kando ya barabara.

Lakini kwanza udongo. Wasukuma wana majina ya udongo kadiri unavyoshuka kutoka mlimani: luseni, wenye mchanga, uko juu, itogolo unafuata chini yake, bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliandika kuhusu mpangilio wa namna hii, nao ukaingia katika sayansi ya udongo duniani. Wakulima wa Shinyanga walikuwa wakiutumia tayari kuamua wapande nini na wapi. Mbuga ikilowa huvimba, ikikauka hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ng'ombe. Barabara iliyolazwa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Dawa yake ni kuinua tuta, kulipa mgongo ili maji yateremke pande zote, kuchimba mitaro ya kuyapeleka mbali, na kuhakikisha makalavati hayajaziba. Changarawe ya juu nayo huliwa na magurudumu na maji, hivyo lazima irudishiwe.

Waingereza walitaka pamba. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928, na barabara za vijijini zilitakiwa kulisha reli hiyo na viwanda vya kuchambua pamba. Kwa kuwa pamba huvunwa kiangazi, barabara nyingi ziliachwa ziwe za kiangazi tu. Mvua ikinyesha, mkulima alikaa kwake. Kazi ya kuzitengeneza iliwaangukia watu waliokusanywa kupitia watemi, na wale walioshindwa kulipa kodi ya kibanda, ambao deni lao liligeuzwa kuwa siku za kazi. Uingereza iliridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi za kulazimishwa mwaka 1931, lakini mkataba wenyewe uliruhusu kipindi cha mpito kwa kazi za umma. Kwa hiyo mtaro wa kwanza katika historia hii ulizibuliwa na mdaiwa.

Madini yalileta hitaji jingine. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na Geita dhahabu ilichimbwa hadi mwaka 1966. Mgodi hausubiri msimu. Unahitaji mafuta, vipuri na chakula mwaka mzima. Baada ya uhuru wito ulikuwa kujitolea kujenga taifa, na watu wengi walishika majembe kwa moyo. Kisha ikaja bei kubwa ya mafuta, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni. Greda lisilo na kipuri ni chuma tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ni sehemu ndogo ya barabara za nchi iliyokuwa katika hali nzuri. Katika kipindi hicho, mtaro haukuwa na mwenyewe.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli nchini. Katika miaka hiyo hiyo ndipo mfumo tunaoujua leo ulipoanza kusimama: sheria ya Mfuko wa Barabara ya mwaka 1998, TANROADS mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA mwaka 2017 kwa barabara za wilaya na vijiji. Mfuko hujazwa hasa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Dereva wa bodaboda anayejaza lita moja pale Kakola amelipia mtaro, ajue asijue.

Hapo ndipo naona deni limegeuka upande. Zamani serikali ilimdai mwanakijiji siku za kazi. Sasa yeye ndiye anayeidai serikali kazi aliyokwisha kuilipia. Na deni hilo halilipwi kwa usawa. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, lakini zaidi ya miaka 20 baadaye barabara ya kutoka Kahama kwenda Kakola ilikuwa bado ya changarawe. Kama njia ya dhahabu ilisubiri hivyo, fikiria njia ya kwenda zahanati.

Kijijini kwa shangazi yangu kalavati moja lilikaa kiangazi kizima limejaa mchanga. Mkandarasi alikuja Desemba. Mvua ya pili ilikuwa imeshakata barabara, na jirani mjamzito alipelekwa zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakizunguka juu kwenye luseni. Alifika, akajifungua salama. Shangazi alisema ng'ombe wanaijua kalenda kuliko ofisi.

Kalenda ndiyo kiini. Huko Minnesota, Marekani, wahudumu wa barabara hulundika chumvi kabla theluji haijaanguka, na barafu inapoyeyuka katika majira ya machipuko, malori mazito hupunguziwa mzigo kwa sababu ardhi chini ya barabara imelegea. Sisi pia tuna mizani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56. Ila mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1, na vuli huweza kufika Oktoba. Ndani ya miezi mitatu au minne hiyo zabuni itangazwe, mkataba usainiwe, greda lifike, changarawe imwagwe na kushindiliwa.

Ndiyo maana swali la kumuuliza diwani au mhandisi wa wilaya lina mwezi wake. Novemba atakuonyesha mvua. Muulize Agosti, mkiwa mmesimama kwenye kalavati, wakati bado mnaweza kuinama na kuona kama mwanga unapita upande wa pili.